Demon ya 2018: farasi 840 si hoja

Mashabiki wa magari ya misuli ya Kimarekani wakianza kubishana kuhusu Dodge Challenger SRT Demon, dakika haipiti kabla namba 840, yaani nguvu zake za farasi, haijatajwa. Anayeipenda huitaja kama ushahidi. Anayeibeza huitaja kama kichekesho: farasi 840 kwenye gari la karibu tani mbili, dashibodi ileile ya Challenger ya kawaida, kiti kimoja. Wote wawili wanatazama mahali pasipo na jibu. Nguvu ya injini Marekani si kitu kigumu kupata. Fundi aliyezoea Hellcat, Challenger iliyoitangulia Demon, atabadilisha puli ya supachaja, ile pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, ataweka nozeli kubwa na programu mpya ya injini, na gari litatoka gereji na farasi mia nane na ushee. Kisichopatikana kirahisi ni vile vitu vyote vinavyofuata baada ya injini: difu, shafti, springi, shokapu, tairi, na akili ya kuvifanya vifanye kazi kwa pamoja katika sekunde moja na nusu ya kwanza. Hapo ndipo Demon ilipostahili jina la toleo maalumu.

Tuanze na hesabu zenyewe. Gari lilizinduliwa Aprili 2017 wakati wa maonyesho ya magari ya New York, likaundwa kiwanda cha Brampton, Ontario, kwa mwaka wa modeli 2018 peke yake. Yalitoka magari 3,300: 3,000 ya Marekani na 300 ya Kanada. Bei ilikuwa dola 84,995 kabla ya gharama ya kulisafirisha. Injini ni V8 HEMI ya lita 6.2, kama ya Hellcat, lakini supachaja ni ya lita 2.7 badala ya 2.4, msukumo wake wa hewa ni psi (kipimo cha shinikizo) 14.5 badala ya 11.6, na injini inaruhusiwa kuzunguka hadi 6,500 kwa dakika badala ya 6,200. Kwa petroli ya kawaida ya daraja la juu, oktani 91 (uwezo wa petroli kubanwa bila kulipuka mapema) kwa kipimo cha Marekani, inatoa farasi 808 na torki, nguvu ya kuzungusha, ya Nm 972. Kwa petroli ya mbio ya oktani 100 inapanda hadi 840 na Nm 1,044. Kiwanda kilitangaza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 9.65, gari likivuka mstari kwa kilomita 225 kwa saa.

Namba hizo zina masharti. Zile sekunde 2.3 za kufika maili 60 kwa saa zinahesabiwa baada ya gari kusogea sentimita kama 30 za mwanzo, ndiyo desturi ya viwanja vya mbio hizi Marekani, na juu ya njia iliyopakwa gundi. Ile 9.65 ilithibitishwa na NHRA, chama kinachosimamia mbio za robo maili, gari likiwa na dereva peke yake, petroli ya 100 na rimu nyembamba mbele. Kwa hiyo mwenye Demon akipata 10.2 kwenye uwanja wa kwao, jioni ya joto la Agosti, hajaibiwa. Akiwa Denver, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, chini kidogo tu ya Nairobi, atapata namba mbaya zaidi, kwa sababu hewa ni nyepesi na supachaja inasukuma kilichopo.

Uzito kuhamia nyuma

Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma linapoondoka kwa nguvu, uzito huhama kutoka mbele kwenda nyuma, na tairi za nyuma hushika lami kwa kadiri ya uzito unaozikandamiza. Challenger ina tatizo la kuzaliwa: pua nzito. Wahandisi wa SRT, kitengo cha Dodge cha magari yenye nguvu, wangeweza kufanya kile ambacho kila mtu hufanya kwenye toleo maalumu, yaani kukaza springi ili gari lionekane la michezo. Wao walilegeza. Springi za mbele ni laini kwa asilimia 35 kuliko za Hellcat, za nyuma kwa asilimia 28. Stebilaiza, vile vyuma vinavyozuia gari kulala kwenye kona, vilipunguzwa ukakamavu kwa asilimia 75 mbele na 44 nyuma.

Shokapu za Bilstein zinazodhibitiwa na kompyuta ndizo zinazokamilisha kazi. Ukichagua hali ya mbio za robo maili, za mbele zinakuwa ngumu kubana na laini kunyooka: pua inanyanyuka upesi, na ikishanyanyuka hairudi chini kwa pupa. Za nyuma zinakuwa ngumu pande zote mbili, ili kiuno cha gari kisididimie na kuanza kudundadunda. Gari lenye mpangilio huu linayumba kwenye kona. Wanaolilaumu kwa hilo wanalilinganisha na Camaro ZL1 1LE au Shelby GT350R, magari yaliyotengenezwa kwa viwanja vya kona. Ni lawama ya kweli, ila imepelekwa kwa mtuhumiwa asiye wake.

Kisha tairi. Demon iliuzwa na Nitto NT05R za 315/40R18 kwenye magurudumu yote manne, tairi za mbio za robo maili zenye ruhusa ya kutumika barabarani. Rimu ni inchi 18 kwa upana wa 11. Kwa nini 18, wakati Hellcat inavaa 20? Kwa sababu tairi yenye ukuta mrefu hujikunja gari linapoondoka, ikapokea mshtuko badala ya kuteleza. Uamuzi huo mmoja ukavuta mwingine: rimu ndogo haiwezi kufunika diski kubwa za breki za Hellcat za milimita 390, basi wakafunga diski za 360 na kalipa za pistoni 4, na kwa hilo wakaokoa uzito pia. Jumla Demon ni nyepesi kuliko Hellcat kwa kilo zipatazo 97, ikabaki na kilo 1,930 hivi. Siku zote huwa najiuliza kwa nini mashabiki wanazungumzia supachaja na kusahau mnyororo huu wa sababu, ambao ndio uhandisi wenyewe.

Nyuma ya giaboksi, gia ya difu ni 3.09 badala ya 2.62 ya Hellcat ya otomatiki, na shafti za magurudumu ya nyuma zina meno 41. Haya si mapambo. Mtu anayeongeza nguvu kwenye Hellcat ya kawaida akavaa tairi za aina hii bila kugusa shafti, siku ya kwanza tairi zinaposhika vizuri ndiyo siku shafti inapokatika.

Kuondoka bila kuharibu kitu

Kinachotofautisha Demon na gari lingine lolote la kiwandani la wakati wake ni breki ya giaboksi, ambayo Dodge waliiita TransBrake. Badala ya kulizuia gari kwa breki za magurudumu, giaboksi ya gia 8 hufunga shafti yake ya kutokea, injini ikabaki inavuta kwenye ukuta. Pamoja nayo kuna Torque Reserve: kompyuta hufunga vali ya supachaja ili msukumo ujae kabla ya kuondoka, huku ikicheza na mafuta na muda wa cheche ili injini isipande kupita kiasi. Ndiyo maana gari linasimama tuli kwenye mstari likiwa tayari na msukumo ambao magari mengine huupata mita kadhaa mbele.

Namna ya kuitumia. Injini na giaboksi vipate moto wa kawaida wa kazi kwanza. Upepo wa tairi za nyuma wengi huanzia karibu na psi 20, wakipima tairi zikiwa zimepata joto. Za mbele zibaki kama kitabu cha gari kinavyosema. Usipite katikati ya dimbwi la maji lililo kabla ya mstari. Lizunguke, kisha rudi kinyumenyume mpaka tairi za nyuma ziguse ukingo wake. Tairi hizi zina mifereji, na maji yaliyoingia kwenye mifereji au kwenye tairi za mbele utayamwaga mwenyewe pale pale unapoondokea. Washa kwenye skrini mfumo unaoshika breki za mbele tu, zungusha za nyuma mpaka uone ukungu mwembamba wa moshi, halafu acha. Wingu kubwa la moshi linapendeza kwenye video, ila kwa tairi ya radiali ni kupika mpira bure.

Ukifika kwenye taa za kuanzia, mguu wa kushoto ukanyage breki sawasawa. Vuta vibao viwili vya gia vilivyo nyuma ya usukani, uvishikilie. Ongeza mafuta kidogo, achia kibao kimoja, kisha toa mguu kwenye breki: sasa giaboksi ndiyo inayolishikilia gari. Panga mzunguko wa injini. Mfumo unaruhusu hadi 2,350 kwa dakika, lakini njia ikiwa na gundi hafifu anza chini zaidi. Taa ikikubali, achia kibao cha pili na ukanyage mafuta yote.

Makosa ni yaleyale kila uwanja. La kwanza ni kupandisha mzunguko hadi mwisho kwenye njia isiyoandaliwa: tairi zinateleza, zinashika, zinateleza tena, na mdundo huo ndio unaovunja vitu. Demon ina msaada wa kompyuta unaosoma sensa za magurudumu na kupunguza torki kwa kitambo pindi mdundo unapoanza, lakini msaada huo si bima. Ukisikia gari linagonga nyuma, toa mguu. La pili ni kuangalia muda wa mwisho tu. Angalia muda wa futi 60 za mwanzo, yaani mita 18. Sehemu moja ya kumi ya sekunde unayookoa hapo hukupa takribani moja na nusu hadi mbili ya kumi mwisho wa njia. Mtu anayebadilisha puli ili aongeze farasi 50 wakati futi 60 zake bado ni mbovu, anatibu goti wakati kinachouma ni jino.

La tatu ni joto. Demon inatumia gesi ya kiyoyozi kupoza maji yanayopoza hewa ya supachaja, na baada ya kuzima injini, feni na pampu ya maji hayo huendelea kufanya kazi kwa muda. Ziache zifanye kazi. Mwenye haraka anayerudi kwenye foleni papo hapo hupoteza nguvu halafu akaanza kutafuta ubovu usiokuwepo.

Petroli ya 100, na kwa nini 98 ya Ghuba si hiyo

Farasi 840 hawaji kwa kumimina mafuta mazuri tu. Kunahitajika kompyuta ya injini inayokuja kwenye kreti ya Demon, sanduku la vifaa lililouzwa pamoja na gari, kitufe chake kwenye dashibodi, na mafuta yenyewe. Ukibonyeza kitufe, kompyuta inapima kama mafuta yanatosha. Yasipotosha, inabaki na mpangilio wa 91. Tangi ni lita 70, na mtu akiongeza lita 35 za oktani 100 juu ya 35 za 91, ana mchanganyiko wa 95 na nusu, si 100. Tangi likaribie kwisha kwanza. Petroli iwe ya mbio isiyo na risasi, kwani yenye risasi huua katalitiki na sensa za oksijeni.

Wasomaji walioko Muscat na Dubai wataona pampu ya 98 na kudhani wamekaribia. Vipimo ni viwili tofauti. Ya Ghuba ni RON. Ya Marekani ni wastani wa RON na kipimo kingine kigumu zaidi, MON. Oktani 91 ya Marekani ni kama RON 95 au 96 hivi, na 100 yao ni kama RON 105. Pampu ya 98 inatosha kabisa kwa mpangilio wa farasi 808, basi. Kwa wa Kenya, Uganda na Tanzania mazungumzo haya ni ya nadharia zaidi: Challenger ya kizazi hiki haikuundwa kiwandani na usukani wa kulia hata siku moja.

Dola moja na barua ya NHRA

Gari lilikuja na kiti cha dereva tu. Kiti cha abiria wa mbele kiliongezwa kwa dola 1, cha nyuma dola 1, zulia la buti dola 1. Kuna wanaosema ni mzaha wa watu wa matangazo. Ni mzaha, lakini una faida: mnunuzi ndiye anayeamua kama anataka uzito ule, na hatozwi maelfu ya dola kwa kuondolewa vitu, jambo ambalo kampuni nyingine hulifanya bila aibu. Kreti nayo ilikuwa dola 1, ikiwa na rimu mbili za mbele zenye upana wa inchi 4.5, kompyuta ya oktani 100, kichujio cha hewa, jeki, mashine ya kufungulia nati isiyo na waya, spana ya kupimia torki na geji ya upepo. Spana hiyo itumike kweli: nati za magurudumu hufungwa kwa Nm 176, soketi ya milimita 22, na hukazwa tena baada ya kilomita 40 hivi.

Kuhusu marufuku ya NHRA, chama kile kilichoandika barua ya kulikataa gari hili kwenye mbio zake, kelele zilizidi kiasi. Kwa kanuni za wakati ule, gari linalokimbia chini ya sekunde 10 lilihitaji kizimba cha chuma na dereva mwenye leseni ya mashindano. Demon haikuwa na kizimba. Ndiyo yote. Dodge waliitembeza barua ile kama medali. Rekodi ya Guinness ya kwenda umbali wa futi 2.92 magurudumu ya mbele yakiwa hewani ni ya kundi hilohilo: nishati inayoipeleka pua angani ni nishati ambayo haikulipeleka gari mbele. Jina lenyewe lina historia nzuri zaidi. Dodge walikuwa na Demon mwaka 1971, na makundi ya Kikristo yalilalamika hadi kwa modeli ya 1973 likabadilishwa kuwa Dart Sport. Miaka arobaini na kitu baadaye hakuna aliyejisumbua.

Na ile ya 2023?

Challenger SRT Demon 170, iliyozinduliwa Machi 2023, ni farasi 1,025 kwa mafuta ya E85, petroli iliyochanganywa na ethanoli (aina ya pombe) nyingi, supachaja ya lita 3.0, psi 21.3, robo maili sekunde 8.91. Bei ilikuwa dola 96,666. Kwa karatasi inaifuta ya 2018. Wengi wamehamia huko, na siwalaumu, maana uimara wa sehemu zake za ndani ni hatua kubwa. Mimi bado naipendelea ya kwanza, na sababu yangu kuu ni mafuta. E85 ya pampu si lazima iwe na ethanoli asilimia 85. Viwango vya Marekani vinaruhusu kati ya 51 na 83, na wakati wa baridi ethanoli hupunguzwa ili injini ziwake. Gari linapima lenyewe na kujirekebisha, na kwa E10 ya kawaida, yenye ethanoli asilimia 10 tu, hushuka hadi farasi 900. Nje ya majimbo ya mahindi kama Iowa na Minnesota, kuipata E85 ni kazi, na inaliwa zaidi kwa kila kilomita. Ya 2018 inakupa karibu kila ilichonacho kwenye pampu yoyote ya 91.

Ukitaka kununua iliyotumika

Soko linalipa zaidi kwa gari lenye kilomita chache na kreti ambayo haijafunguliwa. Kwa mtozaji wa vitu sawa. Kwa mwendeshaji, gari lililosimama miaka sita ni gari lenye tatizo lisiloonekana. Anza na tairi: soma namba nne za mwisho kwenye ukuta, mfano 2217 ni wiki ya 22 ya mwaka 2017. Hata kama mifereji imejaa, mpira huo umekauka na hautashika kitu. Tairi hizi pia hazipendi baridi ya kuganda. Zikihifadhiwa kwenye banda lisilo na joto huko Kanada mpira unaweza kupasuka. Chunguza nyufa ndogo, na utafute sehemu bapa zinazotokana na kusimama. Petroli ya E10 iliyokaa muda mrefu hunyonya unyevu, na ndani ya tangi mna pampu mbili zinazoyavuta maji hayo. Dai mafuta yote ya zamani yatolewe kabla ya kuwasha kwa nguvu.

Kreti ikague kwa yaliyomo, kimoja kimoja. Kinachopotea mara nyingi ni kompyuta ya pili: uliza ipi imefungwa sasa na nyingine iko wapi. Namba ya gari kwenye kibao cha dashibodi ilingane na karatasi.

Lililokimbizwa lina dalili zake. Tazama nyuma ya matao ya magurudumu kama kuna mpira uliorukia na kuganda, chunguza bushi za difu na mafuta yanayovuja kwenye viungo vya shafti. Washa injini ikiwa baridi, usikilize pua ya supachaja. Mluzi ni wake wa kawaida, mkwaruzo wa chuma sivyo. Omba risiti za mafuta ya injini: sintetiki 0W-40, lita 6.6 kila mara.

Epuka yenye paa la kioo linalofunguka kama nia yako ni mbio. Huo ni uzito, tena umewekwa juu kabisa. Na kama utaliendesha barabarani mvua ikinyesha, tafuta seti ya pili ya rimu za inchi 20 zenye tairi za kawaida za 305/35, kipimo cha Hellcat yenye mwili mpana, uziache Nitto kwa siku za uwanjani. Tairi ya 315 yenye mifereji michache huelea juu ya maji kwa mwendo mdogo kuliko unavyodhani, na za mbele zikiwa pana hivyo, usukani hufuata kila mbonyeo wa lami.